Njia Ndiyo Inayochagua Gurudumu

Ukitoka Bugolobi ukaifuata Barabara ya Port Bell, utapita Kitintale, utaingia Luzira, kisha utafika bandarini, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mwendo wenyewe si mrefu, lakini ndani yake mna njia za aina tatu. Bandarini kuna reli, chuma kilichonyooshwa ili mabehewa yaweze kuingia na kutoka melini. Kitintale kuna uwanja wa zege uliosawazishwa kwa mikono, wenye miteremko, matuta na kingo. Na katikati yake kuna njia tunazozijua sote: lami iliyomeguka pembeni, murram, kokoto, na mitaro iliyofunikwa kwa vipande vya zege vyenye mianya kati ya kipande na kipande.

Uwanja wa Kitintale ulijengwa mwaka 2006 kwa ajili ya mchezo wa ubao wa magurudumu, yaani skeitibodi. Waliochanganya saruji ni vijana wa mtaa wenyewe, Jackson Mubiru akiwa mstari wa mbele pamoja na Shael Swart, na ndio unaotajwa kuwa uwanja wa kwanza wa mchezo huo Afrika Mashariki. Chama cha Uganda Skateboard Union kilikulia hapo. Baadaye mpiga picha wa Uswisi, Yann Gross, akawapiga picha vijana hao, na jina la Kitintale likafika kwa watu ambao hawajawahi kuikanyaga Kampala.

Mtoto anayeanza mchezo huu Luzira au Kitintale hukutana mapema na swali moja: nifunge magurudumu gani? Ataambiwa kwamba magumu ndiyo ya mabingwa. Mwingine atamwambia makubwa ndiyo yenye kasi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mtoto hubaki na ubao unaogoma barabarani au unaomwangusha uwanjani. Swali hilo lina jibu, na jibu lake limetokana na ugunduzi wa kisayansi uliobadilisha mchezo wote. Gurudumu halina ubora wa peke yake. Ubora wake huonekana likishakutana na sakafu.

Chuma, udongo na kokoto moja

Tuanze na reli. Gurudumu la chuma likibingirika juu ya reli ya chuma hupoteza nishati kidogo mno. Likilinganishwa na tairi la gari juu ya lami, upinzani wake ni takriban moja ya kumi. Ndiyo maana injini moja huweza kuvuta behewa baada ya behewa hadi bandarini. Sababu ni kwamba chuma hubonyea kidogo mno, na reli nayo vilevile, tena haina matuta. Vitu viwili vigumu na nyororo vikikutana, mwendo ni mwepesi.

Sasa kiondoe chuma hicho kwenye reli ukiweke barabarani. Watoto wa mitaa mingi ya Afrika Mashariki wamelifanya jaribio hili bila kuambiwa na mwalimu. Huokota beringi kuukuu gerejini, huzichomeka kwenye ncha za kijiti, hupigilia ubao juu yake, kisha hushuka nao mlimani. Kelele yake husikika nyumba ya kumi. Kila punje ya mchanga hutikisa meno, na kokoto moja ikikaa vibaya, ubao husimama ghafla na mtoto huendelea mbele peke yake.

Hivyo ndivyo skeitibodi za kwanza kule Marekani zilivyokuwa. Zilifungwa magurudumu ya chuma ya viatu vya kuteleza. Baadaye yakaja magurudumu yaliyoitwa ya udongo, ingawa ndani yake mlikuwa na mchanganyiko wa vitu kadhaa vilivyoshindiliwa pamoja. Yalikuwa matulivu kuliko chuma, lakini yalimomonyoka upesi, hayakushika sakafu kwenye kona, na bado yaligoma mbele ya kokoto. Majeruhi wakawa wengi. Kufikia mwaka 1965 madaktari walikuwa wakipiga kelele, miji kadhaa ya Marekani ikaupiga mchezo marufuku, na biashara ya mbao hizo ikaporomoka.

Kilichoufufua ni plastiki iliyokuwa tayari imegunduliwa, ila kwa kazi nyingine. Mwaka 1937 mkemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake, huko Leverkusen, walipata njia ya kutengeneza poliuretani. Kwa miongo mitatu iliyofuata plastiki hiyo iliingia kwenye magodoro, rangi, soli za viatu na vipuri vya mashine. Mwaka 1970 kijana aitwaye Frank Nasworthy alitembelea kiwanda cha Creative Urethanes katika mji wa Purcellville, jimbo la Virginia, akaona magurudumu ya poliuretani yaliyokusudiwa viatu vya kuteleza. Akayafunga kwenye ubao wake. Ubao ukanyamaza, ukashika sakafu, na kokoto ndogo zikapitwa bila kishindo. Akahamia California, na miaka michache baadaye akawa anauza magurudumu yake kwa jina la Cadillac Wheels. Mchezo uliokuwa umezikwa ukafufuka, na mwaka 2021 ukaingia kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo kwa mara ya kwanza.

Nasworthy hakubuni kitu kipya maabarani. Alichukua kitu kilichokuwepo akakipeleka kwenye sakafu ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria. Somo hilo ndilo linalotufaa.

Ndani ya poliuretani

Ukilishika gurudumu la skeitibodi mkononi utaona ni kitu kidogo: linaenea kiganjani, kwa kawaida jeupe, lenye tundu kubwa katikati ambamo huingia beringi mbili, moja kila upande. Ubavuni pameandikwa namba mbili, kwa mfano 52 na 99A. Ya kwanza ni kipenyo kwa milimita. Ya pili ni ugumu. Namba hizo mbili hubeba karibu kila kitu unachohitaji kujua.

Poliuretani hutengenezwa kwa kuchanganya vimiminika viwili vinavyoshikana vikawa kitu kimoja. Molekuli zake ni nyuzi ndefu zenye vipande vya aina mbili. Kuna vipande laini, vinavyojikunja na kunyooka, na kuna vipande vigumu, vinavyovutana na wenzao na kujifunga pamoja. Fikiria wavu wa mvuvi wa Port Bell: uzi unavutika, fundo halivutiki. Ukiongeza mafundo, wavu unakaza, ukiyapunguza, unalegea. Mkemia akibadilisha uwiano wa vipande hivyo, hupata gurudumu linalobonyea chini ya kidole au gurudumu linalogonga kama jiwe, na vyote viwili vimetoka katika familia moja ya plastiki. Faida yake juu ya mpira wa tairi ni hiyo: huvumilia mzigo na msuguano bila kulika upesi, tena ugumu wake unapangwa kiwandani kadiri unavyotakiwa.

Ugumu hupimwa kwa kifaa kiitwacho duromita, kwa kipimo kilichopewa jina la Mmarekani Albert Shore. Kifaa hicho hubonyeza kijisindano juu ya kitu kinachopimwa kwa nguvu ya springi, kisha husoma kimezama kiasi gani. Kikizama chote, ugumu ni 0. Kisipozama hata kidogo, ni 100. Utambo wa tairi la gari huwa kati ya 60 na 70 hivi. Magurudumu laini ya skeitibodi huanzia 78A hadi 87A. Magumu ya uwanjani huwa 97A, 99A, na mengine huandikwa 101A, ingawa kipimo chenyewe kinaishia 100. Hapo juu kabisa kipimo hiki hakitofautishi vizuri, kwa hiyo usihangaike na tofauti ya namba moja au mbili.

Magurudumu mengi yanayofika Kitintale huwa yameshatumika, yametumwa na marafiki walio nje ya nchi, na maandishi yake yameshafutika. Hapo kidole kinatosha. Bonyeza ukingo wa gurudumu kwa ukucha wa kidole gumba. Likiacha alama ya kubonyea inayorudi polepole, ni laini. Ukucha ukiteleza bila kuacha kitu, ni gumu. Kisha ligonge juu ya zege: gumu hutoa mlio mkali, laini hutoa mlio mzito uliozibwa. Mwisho lizungushe mbele ya macho ukitazama ukingo wake. Ukiona sehemu iliyokatika bapa, jua mmiliki wa kwanza aliliburuta likiwa halizunguki. Gurudumu hilo litapiga kishindo kila mzunguko, na hakuna dawa zaidi ya kulibadilisha.

Kwa nini la kasi uwanjani ni la polepole barabarani

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na hapa ndipo sayansi ina jambo la kusema.

Gurudumu linapobeba mtu, sehemu inayogusa sakafu hubonyea kidogo, kisha hujinyoosha likizunguka. Kubonyea kunakula nishati, kujinyoosha kunairudisha. Lakini hairudi yote. Sehemu fulani hugeuka joto ndani ya plastiki na kupotea. Gurudumu laini hubonyea zaidi, kwa hiyo kwenye sakafu nyororo hupoteza zaidi. Ndiyo sababu 99A hukimbia vizuri juu ya zege la Kitintale: linakaribia kuwa gurudumu la reli juu ya reli yake.

Likitoka nje ya uwanja mambo hugeuka. Juu ya lami iliyokwaruzika, gurudumu gumu halimezi kitu. Kila kipunje kilichochomoza hulazimika kuliinua, na pamoja nalo ubao na mtu aliye juu yake. Nishati ya kuinuliwa huko haitoki hewani. Inatoka kwenye mwendo wako. Unaisikia kwenye nyayo, magotini, na kwenye kelele. Gurudumu laini hukizamisha kipunje ndani ya mwili wake na kupita, mtu akabaki usawa uleule. Kwa hiyo lilelile lililoshinda uwanjani hushindwa barabarani, na lililoonekana zito uwanjani ndilo hukufikisha dukani bila kusukuma mguu kila baada ya hatua tatu.

Ugumu huamua pia kushika na kuteleza. Gurudumu laini hugusa sakafu kwa eneo kubwa zaidi na kuingia kwenye vinyweleo vyake, hivyo hushika. Gumu huachia kwa urahisi, na mchezaji akitaka kuuteleza ubao ubavu kwa makusudi hulihitaji hilo. Kushika ni heri kwa anayeshuka mteremko na kero kwa anayetaka kuteleza.

Hesabu ya mwanya na kokoto

Ukubwa nao una hesabu yake, na hesabu hii mtoto wa sekondari anaiweza.

Chukua mwanya wa milimita 20 kati ya vipande viwili vya zege juu ya mtaro. Gurudumu la milimita 52 likifika hapo huzama milimita 2 kabla ya kugusa ukingo wa pili. La milimita 60 huzama 1.7 hivi. La milimita 70 huzama 1.5. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kila kilichozama lazima kipande tena, na pembe ya kupandia ya gurudumu dogo ni kali zaidi.

Kokoto hulionyesha jambo hilo waziwazi. Gurudumu gumu la milimita 52, likikutana na kokoto yenye kimo cha milimita 5, huhitaji kusukumwa mbele kwa nguvu ya takriban asilimia 73 ya uzito lililoubeba ili kuanza kuipanda. La milimita 70 huhitaji asilimia 60. Na kama hilo la 70 ni laini kiasi cha kuimeza kokoto milimita 2, kimo kilichobaki ni 3 tu, na nguvu inayohitajika hushuka hadi asilimia 44. Ukubwa na ulaini vikishirikiana vimekupunguzia zaidi ya theluthi ya nguvu hiyo. Hapo ndipo mtu huponea kuanguka kifudifudi.

Basi kwa nini wote wasifunge makubwa? Kwa sababu kubwa lina bei yake. Ni zito, na uzito huo mchezaji huuinua kila anaporuka na ubao wake. Huunyanyua ubao juu zaidi kutoka sakafuni, na aliyesimama juu zaidi huyumba zaidi. Huchelewa kuchukua mwendo. Tena likiwa kubwa mno hugusa tumbo la ubao unapokata kona, likajifunga breki lenyewe. Gurudumu dogo huwahi kuondoka na ni jepesi hewani, ila hulazimika kuzunguka zaidi: la milimita 52 huzunguka kama mara 6,100 katika kilomita moja, la milimita 70 kama mara 4,550.

Wewe unacheza wapi?

Sasa uchaguzi unakuwa rahisi, maana swali la kwanza limegeuka. Usiulize nani ametumia gurudumu gani kwenye video. Uliza ubao wako utapita juu ya nini kwa muda mrefu zaidi.

Kama unacheza ndani ya uwanja wa Kitintale, juu ya miteremko na kingo za zege, tafuta milimita 53 hadi 56, ugumu wa 97A hadi 99A. Hapo unahitaji kasi ya kukupandisha upande wa pili bila kupiga mguu, na gurudumu linaloachia ukitaka kuteleza.

Kama furaha yako ni kuruka, kuugeuza ubao hewani na kuteleza juu ya ngazi na kuta fupi, chukua dogo na jembamba kidogo, milimita 50 hadi 53, ugumu wa 99A. Lakini jihadhari: kipimo hiki kimezoeleka duniani kwa sababu wanaokitumia wana viwanja vya lami nyororo na marumaru. Kama mahali pako pa mazoezi ni baraza la duka au sakafu ya saruji iliyochakaa, shuka hadi 92A au 95A. Utapoteza kidogo katika kuteleza, utapata utulivu, na mazoezi yatakuwa marefu kwa sababu miguu haitachoka upesi.

Kama ubao wako ni wa kukufikisha kwa rafiki au sokoni, funga milimita 60 hadi 70, ugumu wa 78A hadi 85A. Hata hivyo pita vichochoro vya lami na njia za miguu. Barabara ya Port Bell ina malori, teksi na bodaboda, na hakuna gurudumu linaloweza kukulinda navyo. Murram iliyolegea nayo usiipigie hesabu: pale hata poliuretani laini hushindwa, na mwenye akili hubeba ubao mkononi.

Na kama una ubao mmoja unaotakiwa kufanya yote, kama ilivyo kwa wengi, gurudumu la milimita 54 hadi 56 lenye ugumu wa karibu 90A ndilo suluhu. Halitakuwa bingwa popote, lakini halitakutupa popote.

Traki, bushi na beringi

Gurudumu likishachaguliwa, vilivyobaki vinapaswa kulifuata. Chini ya ubao kuna vyuma viwili vilivyobeba ekseli, ambavyo wachezaji huviita traki. Upana wa ekseli uendane na upana wa ubao, ili magurudumu yasijifiche ndani wala yasichomoze nje ukayakanyaga.

Katikati ya kila traki kuna bushi, vijipande viwili vya poliuretani ileile, navyo vina ugumu wake. Ukilalia upande mmoja, bushi hubonyea na traki hugeuka. Mtu mzito huhitaji bushi ngumu, mtoto mwepesi huhitaji laini. Jambo hili ni kubwa kwetu, kwa sababu mbao zinazotumwa kutoka ng'ambo aghalabu zimefungwa bushi za mtu mzima. Mtoto wa kilo 30 akipanda juu yake huona ubao umekataa kugeuka, akadhani hana kipaji. Kipaji anacho. Legeza nati kubwa ya katikati robo mzunguko, mwache ajaribu, kisha robo nyingine. Usiilegeze hadi ncha ya boliti ikazama ndani ya nati, maana inaweza kuchomoka ubao ukiwa mwendoni.

Ukifunga magurudumu ya milimita 60 na zaidi, weka kipande cha plastiki ngumu au mpira kati ya traki na ubao, unene wa milimita 3 hadi 6, ili gurudumu lisiguse tumbo la ubao kwenye kona. Nati ya gurudumu ina kipimo cha nusu inchi, na spana namba 13 ya fundi yeyote wa bodaboda huifungua. Ukiikaza, rudisha kidogo hadi gurudumu licheze kwa unywele mmoja kushoto na kulia. Likibanwa kabisa, beringi hulemewa.

Kuhusu beringi, usidanganywe na bei. Karibu skeitibodi zote hutumia ukubwa mmoja, namba 608: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22, unene milimita 7. Ukubwa huo huo hutumika kwenye mashine nyingi. Alama ya ABEC inayotangazwa kwenye pakiti ilikusudiwa kupima usahihi wa beringi za mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa. Ubao ukienda kilomita 15 kwa saa kwa magurudumu ya milimita 52, beringi huzunguka kama mara 1,500 kwa dakika, na beringi ya ukubwa huo huweza zaidi ya mara kumi ya hapo. Kinachoziua Luzira ni vumbi na maji. Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na beringi iliyolowa ikaachwa usiku kucha huamka na kutu.

Ikilowa, itoe siku hiyohiyo. Ng'oa kifuniko chake kwa ncha ya pini, ioshe kwa spiriti mbali na moto, ikauke kabisa, kisha idondoshee tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Huganda na kukusanya vumbi. Ubao wenyewe ukaushe ukiwa umesimama, maana umeundwa kwa tabaka saba za mbao zilizogundishwa, na maji huziachanisha.

Maarifa haya si ya mchezo tu

Mzazi anayemwona mwanawe akihangaika na spana anaweza kudhani ni upotevu wa muda. Lakini mtoto huyo anajifunza kanuni inayofanya kazi katika kila kitu chenye gurudumu.

Nenda Goma, mashariki mwa Kongo, utawakuta vijana na watu wazima wakishusha magunia kwa chukudu, baiskeli ile ya mbao isiyo na pedali, iliyojengewa hata sanamu mjini. Magurudumu yake ni ya mbao, nayo huvalishwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu. Mafundi wa Goma waligundua kwa kazi kile ambacho duromita hukieleza kwa namba: kiini kigumu hubeba mzigo, ngozi laini humeza njia mbovu.

Kisha tazama kiti cha magurudumu cha mlemavu. Magurudumu yake ya mbele, madogo na magumu, yalibuniwa kwa ajili ya korido za hospitali, na mengi hutumia beringi zilezile za 608. Ukikipeleka kiti hicho kwenye kichochoro cha Luzira, gurudumu la mbele huzama kwenye mwanya na aliyekaa humwagwa. Hesabu ya milimita 52 na 70 inamhusu yeye kuliko inavyomhusu mchezaji. Ndiyo maana viti vilivyosanifiwa kwa njia za vijijini huwekewa gurudumu la mbele kubwa zaidi na pana zaidi. Kijana wa Kitintale anayejua kwa nini ubao wake uligoma anaweza kukitazama kiti cha jirani yake akajua kinahitaji nini, na kwa spana namba 13 na tone la mafuta ya cherehani akakirudisha barabarani.

Nina maombi matatu. Kwa ninyi mnaotuma mbao na magurudumu Uganda, Kenya au Kongo: msitume magumu peke yake. Ongezeni machache ya 85A na 90A, bushi laini za watoto, na beringi za akiba, kwa sababu sehemu kubwa ya safari za watoto hawa hupita nje ya zege. Kwa wanaosimamia mji wa Kampala: mita chache za zege lililosawazishwa vizuri, katika kila mtaa, zingewapa watoto mahali pa kucheza mbali na malori, na wenye viti vya magurudumu wangepata njia. Na kwako wewe mchezaji: kabla hujatamani magurudumu ya mwenzako, inama uipapase sakafu yako kwa kiganja. Ikikwaruza, funga laini na makubwa. Ikiteleza, funga magumu na madogo. Vaa kofia ngumu, kaza nati zako, halafu nenda ukacheze.